Kabureta ya Makoo Mawili

Kwa mliochelewa kujiunga na msiba wangu, nawakumbusha kwa kifupi, kisha tuendelee.

Mume wangu, yule ambaye mtaa mzima unamwita Mikogo kwa jinsi anavyotembea kama anapigwa picha, aliniacha mimi na binti yetu, ambaye sasa ni mtu mzima, akahamia kwa Msusi. Na si msusi wa mbali. Ni yule yule aliyekuwa akinisuka kila mwisho wa wiki, kichwa changu kikiwa mapajani mwake, nami nikimmwagia siri za ndani mpaka tone la mwisho. Kumbe huku anasuka, huku anafumua.

Duka la spea aliloniachia marehemu baba nilibaki nalo, maana hapakuwa na mwingine aliyelitaka. Gari la baba likaondoka na Mikogo. Aliliandikisha kwa jina lake siku zile nilipokuwa bado nalia msiba, nasaini kila ninachowekewa mbele. Mnalijua gari lenyewe: saluni ya zamani, rangi ya maziwa, taa za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtukizwa bafuni. Baba alilipenda kuliko baadhi ya ndugu zake.

Nikawaambia niliapa kwamba Mikogo hatalifaidi. Mkanicheka kwamba mwanamke wa dukani atafanya nini.

Basi asubuhi moja, jibu likaingia dukani kwangu kwa miguu yake.

Alitangulia Mluzi, fundi wa magari ya zamani, anayepiga mluzi akifanya kazi na kupiga domo akimaliza. Mkononi ana kitu kimefungwa kwenye gazeti lililolowa mafuta. Akakifungua juu ya kaunta.

"Dada, mgonjwa wetu hatunaye."

Nilipoona tu nilijua. Kabureta ya gari la baba, kile kifaa kinachochanganyia injini petroli na hewa.

"Kafa na nini?"

"Uzee. Imelika ndani, inavuta hewa pembeni. Na manifoldi iliyoibeba imepasuka. Nimeziba, imefumuka. Nimeziba tena, imenicheka. Nataka zote mbili, kabureta na manifoldi yake ya kuingizia hewa."

Nyuma yake akaingia Mikogo, miwani ya jua usoni ndani ya nyumba. Nyuma ya Mikogo, Msusi, kucha mpya, anatazama rafu zangu kana kwamba zinanuka.

"Mwenzangu, hujambo?" Mikogo akasema. "Biashara inasukumika?"

"Inakwenda bila kusukumwa. Karibu."

"Nataka gari litengemae. Jumamosi lina kazi."

Nilijua kazi yenyewe. Mtaa mzima ulijua. Lakini nilitaka nisikie.

"Kazi gani?"

Msusi ndiye aliyejibu. "Kunipeleka mimi ukumbini, bi mkubwa."

Bi mkubwa! Ndani ya duka la baba yangu!

"Hongera, mdogo wangu," nikamwambia. "Na nani atakusuka siku hiyo? Maana mtu hawezi kujisuka kisogoni, na marafiki sina hakika kama umebakiwa nao."

Mluzi akageukia ukutani akajifanya anakohoa.

Nikaenda nyuma nikatoa kabureta ndogo ya koo moja, yaani tundu moja la kupitishia hewa, aina ile ile iliyozaliwa na gari, pamoja na manifoldi yake yenye mabomba membamba. Nikaviweka mezani. Havikuwa na urembo wowote. Rangi ya kijivu, kama sufuria ya mjane.

Mluzi akavishika kama mtu aliyeshika mtoto wa dada yake. "Hivi hivi! Leo jioni gari linaunguruma kama paka kashiba."

Lakini Mikogo hakuwa anatazama mezani. Alikuwa kavua miwani, anatazama rafu ya juu.

Pale juu baba aliweka kabureta moja kubwa ya makoo mawili, iliyotoka kwenye gari la mashindano lililopinduka enzi hizo. Inang'aa kama kikombe cha ubingwa. Chini yake manifoldi yake, mabomba manene kama mikono ya mpiga ngumi. Haijawahi kuuzwa. Ni pambo. Mimi kazi yangu kuipangusa vumbi.

"Na ile?"

Jamani, hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, kwa sababu wengine mtanihukumu.

Ningeweza kumwambia, ile haikufai. Neno moja tu lingetosha. Kila mteja aliyewahi kuinyooshea kidole nimemwambia hivyo. Lakini siku hiyo nikaamua nitajibu ninachoulizwa, na nisiongeze hata chumvi.

"Ile ni ya makoo mawili," nikasema.

"Inaingia kwenye injini yangu?"

Injini yangu, anasema!

"Ukiiweka pamoja na manifoldi yake, inakaa. Boliti zinalingana."

"Nguvu?"

"Barabara ikiwa wazi, hakuna wa kukupita."

Kweli tupu. Nipelekeni popote nikaape, hamtaona uongo. Na hilo ndilo lililonipa raha, kama mtu anayekunwa mgongo.

"Bosi, subiri," Mluzi akaingilia. "Ile ni kubwa mno. Tazama, ukinywa soda kwa mrija mwembamba, unavuta kidogo tu soda inakuja. Sasa chukua bomba la maji taka ulitie kwenye chupa uvute. Utapata nini?"

"Soda nyingi," Mikogo akasema.

"Utapata hewa! Injini hii mapafu yake madogo. Kwenye mwendo mkali sawa, inavuta kwa nguvu. Ikienda polepole, hewa inajikokota humo kwenye mabomba mapana, petroli inadondoka njiani, haifiki inavyotakiwa. Gari linapaliwa."

Msusi akamvuta Mikogo mkono. "Baby, ile ndogo mbona kama imeokotwa? Watu wakifungua boneti pale ukumbini waone takataka ile?"

Nani anafungua boneti harusini? Lakini Mikogo ni mtu wa kufungua boneti popote penye watu.

"Wewe fundi wa mirija," akamwambia Mluzi, "unalipwa kufunga au kuhubiri? Ukishindwa sema nimtafute mwenye elimu ya kisasa."

Mluzi akanigeukia. "Dada, mwambie. Wewe umezaliwa kwenye vitu hivi. Wewe atakusikia."

Wote watatu wakanitazama.

Nikachukua kitambaa, nikapanda kwenye kiti, nikaishusha kabureta ya makoo mawili, nikaipangusa taratibu.

"Mteja amechagua, Mluzi," nikasema. "Mfungie."

Sasa niwape hesabu yangu niliyoipiga pale juu ya kiti. Msafara wa harusi hauendi mbio. Unajikokota, honi zinalia, watu wanapunga. Na msafara wowote unaotoka upande wa kina Msusi kwenda ukumbini lazima upande kilima chetu, upite chini ya baraza yangu. Kwa mwendo wa kutembea. Kwenye mlima. Na kabureta ile.

Gari lingemzimikia Mikogo mbele ya mlango wangu, suti nyeupe, jasho linamtiririka, wanaume wanasukuma gari la baba yangu huku mtaa unamshangilia. Hilo tu. Sikutaka damu. Nilitaka kicheko.

Siku iliyofuata Mluzi akarudi. Hakupiga mluzi.

"Nimelijaribu barabara kubwa. Dada, linaruka. Mikogo alikuwa pembeni yangu anapiga kelele kama mtoto kwenye bembea. Kasema mimi fundi bora duniani."

"Si vizuri hivyo?"

"Nilipomshusha nikarudi peke yangu polepole. Limezima mara sijui ngapi. Na likizima limejaa petroli, kuliwasha tena mpaka uliombe radhi. Nimerekebisha kila skrubu inayorekebishika." Akainamisha kichwa. "Nikampigia. Kasema nisimtie mkosi."

Nikaanza kuhesabu boliti ambazo hakuna aliyeziulizia.

"Dada. Ulijua."

"Wewe ulimwambia au hukumwambia?"

"Nilimwambia."

"Basi kazi yako umemaliza. Kanywe chai."

Alipofika mlangoni akageuka, akanitazama, kisha akaondoka.

Jumamosi nyumba yangu ilifurika. Mnanijua, mimi raha yangu watu. Niliazima viti kwa majirani wote, na wenye viti wakaja navyo. Muuza vitambaa alikaa mbele kabisa, ukingoni mwa baraza, kama mwenye tiketi.

"Shoga, umetuita kumwona mumeo akioa?" akaniuliza. "Wewe una moyo wa chuma au huna akili?"

"Kaa, kunywa chai. Utaniambia baadaye."

"Kuna jambo! Mwoneni alivyopaka wanja! Kuna jambo!"

Kicheko kikapanda mpaka dirishani. Nami nikicheka kuliko wote. Nilikuwa nimeshaona mpaka watakavyomwagika ngazini kwenda kumzunguka.

Simu ya muuza vitambaa ikalia. Akasikiliza. Akaguna.

"Aa! Jamani, tumekaa bure. Hawapiti huku."

"Hawapiti vipi?"

"Bomba la maji limepasuka pale chini, barabara bwawa. Wanazungukia kule nyuma, wanavuka reli."

Chai ikanipalia.

Pale reli hapana kizuizi, hapana mlinzi. Treni za mizigo hupita zinapojisikia. Na barabara yenyewe mashimo matupu, gari lolote likifika pale linatambaa kama linatafuta sindano.

"Bado hujasikia utamu," muuza vitambaa akaendelea, mkono juu ya simu. "Dereva waliyemkodi hakutokea. Unajua nani anaendesha? Binti yako! Baba yake kamkabidhi usukani. Watoto wa siku hizi hawana haya, anampeleka mama wa kambo mwenyewe!"

Wakacheka. Mimi sikuwasikia tena.

Mwanangu. Nilimkataza kwenda harusini, akaniambia, "Mama, ni baba yangu, siwezi kuchagua." Tukanuniana wiki nzima. Wala hakuniambia kuhusu usukani, kwa sababu nilikuwa sisemi naye.

Nikampigia. Ikalia. Ikalia. Ikapokelewa.

"Haloo, bi mkubwa." Msusi. "Dereva wangu ana shughuli, simu yake ninayo mimi."

"Nisikilize, mwambie asimamishe gari. Sasa hivi, pembeni. Msivuke reli na gari hilo."

"Ehe?"

"Litazima! Likienda polepole litazima, na likizima haliwaki. Mwambie mwanangu ashuke!"

Nikasikia honi, vigelegele, kisha sauti yake imejaa kicheko. Kaniweka kwenye spika. "Sikieni jamani, nimeambiwa gari litazima! Wivu huu utaua mtu!"

Mikogo akacheka kwa nyuma. Halafu sauti ya mwanangu, nyembamba, imeumia.

"Mama, usinifanyie hivi leo. Tafadhali."

Simu ikakatwa.

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka pikipiki, na mimi nimekaa nyuma ya kijana wa watu nampiga mgongoni, "Kanyaga, baba, kanyaga!" kiatu kimoja kimebaki barazani.

Nilipofika, gari la baba lilikuwa limesimama katikati ya reli.

Maua kwenye boneti. Harufu ya petroli mpaka njia ya pembeni. Magari ya msafara yamekwama nyuma, honi zimenyamaza. Na kwa mbali, upande wa kushoto, treni ilikuwa inapiga king'ora.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Aliyeshuka wa kwanza ni Mikogo. Nawaambia nilichokiona: bwana harusi alikuwa ameshavuka reli, amesimama kwenye nyasi, suti yake haina hata vumbi. Msusi bado yumo ndani, gauni limenasa mlangoni, anapiga kelele. Na mwanangu kwenye usukani, anazungusha ufunguo, anazungusha, injini inalia kama mtu anayetapika na tumbo halina kitu.

Mluzi, ambaye kumbe alikuwa akiufuata msafara kwa hofu ya kabureta ile, alikuwa ameshafika nyuma ya gari, anasukuma na wanaume wawili. Haliendi.

"Liko kwenye gia!" nikapiga kelele dirishani. "Mwanangu! Achana na ufunguo! Kanyaga klachi!"

Akanitazama kama hanijui.

"Klachi, mama yangu! Mguu wa kushoto! Kanyaga!"

Akakanyaga. Nikaweka bega kwenye nguzo ya mlango, tukasukuma. Gari likajivuta, likakwama kwenye chuma, likarudi, likajivuta tena. King'ora sasa kilikuwa ndani ya meno yangu. Likapanda chuma cha mwisho, likateremka upande wa pili kama ng'ombe aliyekubali.

Treni ikapita nyuma yetu. Ndefu. Tukayatazama mabehewa mpaka la mwisho lilipotoweka.

Halafu wote wakasema kwa pamoja.

Baba yake Msusi, mzee mfupi mwenye kifua cha mbeba mizigo, alimtoa binti yake ndani kwa kulichana gauni. Akamweka pembeni. Akamgeukia Mikogo.

"Wewe ulitoka. Mwanangu ukamwacha ndani."

"Baba, nilikuwa natafuta msaada..."

"Gari limefanya nini?"

Na Mikogo, hata pumzi hajavuta, akanyoosha kidole. "Huyo! Fundi huyo! Kanifungia kabureta ya hovyo. Kataka kutuua!"

Wanaume wa upande wa bibi harusi wakamkamata Mluzi. Mmoja akamshika kola, mwingine akaanza kukunja mikono ya shati.

"Mimi?" Mluzi akapiga kelele. "Mimi nilikukataza! Dukani, mbele ya Mama Spea! Nilikwambia inataka ndogo! Muulizeni! Dada, sema!"

Macho yote yakanijia.

Lakini aliyesema kwanza ni mwanangu. Alikuwa ameshuka, kashika mlango wa gari.

"Mama. Ulipiga simu. Ulisema litazima. Ulijuaje?"

Nikapiga hatua kumwendea.

Mikogo ana akili ya haraka penye uovu, hilo nampa. Akanishika kiwiko kama mtu anayemliwaza mzazi mwenzake, akanivuta hatua kando, mgongo wake kwa watu. Alichonong'ona nilikisikia mimi peke yangu.

"Ukisema niliichagua mimi, hawa wananivunja mbavu, ndoa hakuna. Na mimi nikianguka nitauliza mbele ya mtoto kwa nini ulininyamazia dukani. Unataka asikie hilo?" Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa akiba. Ufunguo wa baba, wenye kibati chake cha shaba. "Sema ni fundi kakosea. Neno moja. Gari la baba yako nakurudishia leo, hapa hapa. Mtoto hajui, mimi sijui, tumemaliza."

Nikamtazama Mluzi. Kola imepasuka, mdomo unavuja damu. Alikuwa ananitazama tu, kama siku ile mlangoni.

Nikamtazama mwanangu.

Nikautazama ufunguo.

Nikauchukua.

Nikaufumba kiganjani mpaka meno yake yakaniuma, nikamwacha Mikogo nyuma, nikawasogelea wale watu na mguu wangu mmoja usio na kiatu.

"Mwachieni kola," nikasema, "nisikike vizuri. Siku kabureta hii inachaguliwa nilikuwa nimesimama pale pale. Nitawaambia ni nani mwenye kosa."

Mikogo akarekebisha tai, akatabasamu.

Mluzi akafumba macho.

Nilichokisema, nitawasimulia tukikaa tena.